Nilipopumua Kabuchai

Leo nimeaibika kwa kupumua.

Nawaandikia kutoka Bungoma mjini, kwenye hoteli iliyo karibu na stesheni. Chai yangu imepoa. Baba mdogo Wafula, aliyenisindikiza, ameketi meza ya pili na kunipa mgongo. Anasema akikaa na mimi nitampumulia. Nyinyi wenzangu wa kikundi cha waandishi cha Jumamosi, mtakaposomeana haya huko Kitale, someni polepole. Mwandishi wenu hana haraka tena ya kwenda popote.

Nekesa mnamjua. Mnajua pia kwamba leo baba yake, Mzee Barasa, alikuwa ameahidi kutoa neno: ama nilete wazee tuongee mahari, ama nisikanyage tena boma lake. Na mnajua kwamba nikiingiwa na hofu sipati pumzi. (Mlikuwepo niliposoma sura ya kwanza mbele yenu, nikakwama katikati ya sentensi. Niliwaambia ule ulikuwa mkato wa kisanaa. Haukuwa.)

Basi juma lililopita nilikwenda kununua utepe wa taipu kwa Mama Hansa, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa na vifaa vya kuandikia kule Kitale. Akanitazama nikihema kwenye kaunta yake.

"Wewe kijana, ndani iko moto sana. Nini?"

"Naenda kwa wakwe, Mama."

"Ah. Hiyo najua dawa yake." Akasukuma jora la kitambaa kando. "Weka meno pamoja. Ulimi juu. Vuta hewa katikati ya meno, polepole, kama mtu anakunywa chai ya moto. Shika kidogo. Toa na pua. Moto yote inakwisha."

Nikajaribu. Sssss. Ubaridi ukanipita kwenye ulimi, ukashuka kifuani kama ukungu wa asubuhi unaposhuka kutoka Mlima Elgon na kulala juu ya mahindi. Hofu ikalegea. Niliona kwamba nimepata kitu.

"Hii ndiyo iliniokoa mimi na mama mkwe wangu," Mama Hansa akasema. "Miaka mingi tulikaa nyumba moja. Alikuwa mkali, na kiziwi. Hata siku moja sikumjibu vibaya."

Nikamshukuru, nikalipa, nikaondoka nikipumua.

Jioni ile nikamwonyesha Nekesa, tukiwa tumeketi kando ya uwanja wa maonyesho. Akanikunjia uso.

"Simiyu, hiyo si ni kusonya?"

Nikamfafanulia, kwa ujuzi wote wa mtu aliyejifunza jambo siku hiyo hiyo, kwamba msonyo huishia mdomoni. Pumzi hushuka. Ukitaka kujua tofauti, nikasema, tazama kifua: cha anayesonya hakisogei, cha anayepumua kinapanda. Akatazama changu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kinaumuka kama mandazi." Kisha akajaribu mwenyewe. Tukakaa pale tukivuta hewa kwa meno, watu wawili wenye furaha, na wapita njia wakitukwepa.

Ilinipasa kuwatazama vizuri wale wapita njia.

Leo mchana tukafika Kabuchai. Sebule ya Mzee Barasa ilikuwa imepambwa kwa ajili yetu, vitambaa vya kufuma vikiwa juu ya kila kiti. Mzee aliketi mbele yetu. Kando yake alikuwa shangazi wa Nekesa, aliyetoka Matulo asubuhi hiyo hiyo ili anione. Mama mkwe, kama desturi inavyotaka, hakuketi uso kwa uso na mimi. Alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akisikiliza kila kitu.

Tukaulizana habari za mvua. Tukamaliza mvua. Mzee akakohoa.

"Kijana, huko Kitale unafanya kazi gani?"

"Ninaandika riwaya, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, uso ukamchanuka. "Liwaya. Nimesikia huko kwenu mnatoa mbegu mpya kila wakati. Hii liwaya inakaa shambani miezi ngapi?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Maana yake ilikuwa: nyamaza, mwache aamini. (Ningemsikiliza, sasa hivi ningekuwa mkwe wa mtu.) Lakini mimi ni mtu wa fasihi. Siwezi kuona sitiari ikipita nikaiacha.

"Hii yangu imekaa miaka minne," nikasema, "na bado sijavuna."

"Miaka nne?" Mzee akamgeukia baba mdogo. "Hiyo si mahindi, bana. Hiyo ni mti."

"Kaka, si mbegu," shangazi akasema. Alikuwa amesubiri nafasi hiyo tangu Matulo. "Ni vitabu. Nekesa aliniambia. Huyu anaandika hadithi ya watu hawako."

"Hawako namna gani? Walikufa?"

"Hawajawahi kuwako, Mzee," nikasema.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Kwa hivyo asubuhi unaamka, unaoga, unakaa chini, unaandika mambo ya watu hawako."

"Ndiyo, Mzee."

"Na shamba?"

"Bado."

"Na ile kazi ya kufundisha?"

"Niliiacha. Ili niimalize riwaya."

"Basi msichana wangu atakula liwaya."

"Atachemsha kurasa," shangazi akasema. "Ukurasa wa kwanza chai, wa pili mboga."

Wakacheka. Baba mdogo Wafula pia alicheka, na yeye ndiye aliyekuja kunisemea. Nikahisi miaka yangu minne ikikunjwa kama gazeti la kufungia nyama. Zile asubuhi zote, umande bado uko kwenye nyasi, vidole vyangu vikigonga taipu huku mji mzima ukienda kazini na kunionea huruma. Moto ukapanda. Ukafika kooni. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumchoma mzee wa watu ndani ya nyumba yake, na nilijua nikiyatamka nimempoteza Nekesa.

Hapo nikamkumbuka Mama Hansa.

Pazia likafunguka. Nekesa akaingia na sinia ya chai. Nikaweka meno pamoja. Nikainua ulimi. Nikavuta.

Sssssssss.

Kicheko kikakatika. Hata kuku aliyekuwa mlangoni akasimama na mguu mmoja juu.

Nyuma ya pazia sauti ya mama mkwe ikauliza, taratibu kabisa: "Nani amesonyea chai yangu?"

"Wafula," Mzee Barasa akasema. "Kijana yako amenisonya. Kwa nyumba yangu."

"Hajasonya, Mzee," baba mdogo akasema haraka. "Huyo anapumua tu."

"Kwani sisi hapa hatupumui?"

"Sisi tunapumua na pua," shangazi akasema. "Hata ng'ombe zetu."

Nikaona nieleze. (Tabia yangu ni hiyo: nikitumbukia shimoni, nachimba.) Nikasema ni njia ya kupumua niliyofundishwa Kitale, kwamba hupoza hasira na kumrudishia mtu utulivu.

"Hasira," Mzee akasema. "Kwa hivyo ulikuwa umekasirika. Sisi tumekukosea nini?"

Nikamtazama baba mdogo; akatazama viatu vyake.

"Haya. Hiyo kupumua, fanya tena tuone."

Nikafanya tena. Ningefanyaje? Kwa hofu hewa ilikataa kuingia, nikalazimika kuivuta kwa nguvu, na mvuto wa pili ukatoka mrefu kuliko wa kwanza, na mwishoni ukapiga mlio kidogo.

"Amerudia," mama mkwe akasema nyuma ya pazia.

Mzee akainua mkono. Akamgeukia binti yake, ambaye bado alikuwa amesimama na sinia.

"Nekesa. Wewe umekaa karibu na huyu huko Kitale. Hii kupumua yake unaijua, ama hujawahi kuiona?"

Wenzangu, maisha yangu yote yalikuwa juu ya sinia ile, pamoja na vikombe. Nekesa alinitazama. Akatazama pazia. Akamtazama baba yake. Kisha akaweka meno pamoja.

Sssss.

Ulikuwa mfupi na safi. Anawaonyesha, nikajiambia. Ananitetea. Amekumbuka kila kitu, uwanja wa maonyesho, wapita njia, mandazi. Lakini shangazi alikuwa tayari anapiga makofi: "Umemjibu vizuri, mama. Mrudishie yake."

Nikachanganyikiwa. Alikuwa amepumua, ama alikuwa amenisonya? Njia ya kujua ni moja tu, na aliyemfundisha ni mimi. Nikatazama kifua chake. Nikakitazama kwa makini, nikiinama mbele kidogo, nikingoja kuona kama kitapanda.

"Na sasa anaangalia nini?" shangazi akauliza.

Akajijibu mwenyewe.

"Kifua. Anaangalia kifua ya msichana mbele ya baba yake."

Mzee Barasa akainuka. Hakupandisha sauti. Alichukua kofia ya baba mdogo kutoka mezani, akamkabidhi, akatoa lile neno alilokuwa ameahidi.

"Chai mtakunywa Bungoma."

Tukatembea kwenda barabarani katikati ya mashamba ya miwa. Baba mdogo alitangulia. Mimi nikafuata nyuma na kitabu nilichokuwa nimekusudia kumzawadia mkwe wangu. Upepo ukainuka, ukapita kwenye majani ya miwa, shamba baada ya shamba, mpaka mtoni: sssss. Kabuchai nzima.

Ni pale njiani nilipomkumbuka yule mama mkwe wa Mama Hansa. Kiziwi. Aliniambia kabisa, nikaona ni jambo la pembeni. Mwandishi anayepuuza mambo ya pembeni anastahili anachokipata.

Najua mtakachouliza Jumamosi, kwa hiyo nawajibu sasa tusirudie. Hapana, kifua chake hakikupanda. Nilikitazama vizuri kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote, na kilitulia kama maji mtungini.

Nawaomba msinicheke. Lakini najua mtacheka, basi chekeni kwa pua.