Prosesa, Fundi na Mtandio Wangu

Rukia, usianze! Usiniambie ninunue prosesa ya kampuni ya buluu. Ile nyekundu ina nguvu zile zile na umeme inakula kidogo. Na tena si prosesa iliyoniaibisha leo. Ni mimi.

Ninyi nyote wa kundi hili mnajua Shangazi ana duka la video za harusi hapa Gongoni. Kesho adhuhuri bi harusi anataka video yake ya kupamba. Kupamba ni wanawake peke yao, vichwa wazi, viuno havina adabu. Sheria ya Shangazi ni moja: "Jicho la mwanamume likiiona, mimi na wewe basi."

Sasa kompyuta ya duka yenye video hiyo inaganda ganda. Wiki nzima napima nibadilishe prosesa, huo ubongo wake: buluu au nyekundu? Leo nikachoka. Ngoja niifungue nione iliyomo ni ya kampuni gani. (Nani alinituma?) Nikavuta feni iliyokaa juu yake. Ikatoka na prosesa imenata chini yake kama ukoko! Vijipini vimelala. Nikairudisha kwa nguvu, nikawasha.

Kimya.

Shangazi yuko Kilifi, jioni anarudi! Nikaipakata kompyuta kwenye pikipiki mpaka Malindi kwa fundi.

"Shikamoo fundi. Itengeneze, lakini usiangalie kilichomo."

"Marahaba. Sasa nitengeneze kwa macho ya nani?"

Wazee kwenye benchi wakacheka. Fundi akanyoosha vijipini kwa sindano, mimi nasoma kila dua ninayoijua. (Hata ya safari.) Katikati nikamuuliza kama prosesa ya buluu ingefaa zaidi.

"Na hiyo ya buluu unayoulizia haiingii kwenye bodi ya kompyuta hii," akasema. "Ungeinunua, ungeivaa shingoni."

Rukia, umesikia?

Akaiunganisha na kioo chake kikubwa. Ikawaka! Nikapiga kigelegele.

Halafu nikakumbuka picha ya mbele, ile inayotokea kompyuta ikiwaka. Niliiweka mwenyewe. Mimi kwenye kupamba, nywele zimemwagika, ulimi nje, na nyuma yangu Shangazi anakata kiuno!

"Astaghfirullah!" Fundi akageukia ukutani.

Nikavua mtandio fyu! Nikafunika kioo chote. Ndiyo nashusha pumzi, mzee mmoja akaniambia, ameziba macho kwa kofia yake:

"Mwanangu, picha umeifunika, mwenye picha umemwacha wazi!"

Nikashika kichwa. Nywele!

Kompyuta imepona. Lakini mzee yule ni jirani yetu wa Gongoni, na mkewe mdomo hauna breki. Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla Shangazi hajaonja chai, namwambia mwenyewe. Msiponiona hewani adhuhuri, msicheke. Ufuateni mtandio wangu kwa fundi, nimeusahau kule kule.