CHORA Haikuitika

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Soko huria! Kila mwenye soketi ya umeme Dodoma sasa ni mtaalamu wa kompyuta. Swalihu, ng'ambo ya barabara, juzi tu alikuwa akiuza vitenge. Leo ana kibao cha kompyuta mlangoni! Lakini kazi ya Kibaigwa ni yangu. Wafanyabiashara wa mahindi wamepewa kompyuta, wanataka programu ya bei. Nimeiandika: BEI. Ikimaliza hesabu inaiita programu nyingine, CHORA, ichore grafu. Kwenye mashine yangu CHORA inaitika kama askari. Devota, mpiga chapa wangu, akauliza kama kwenye mashine ya Kibaigwa nako CHORA ipo. Swali la ajabu. Nani kamtuma?

Jumatano, 7 Agosti
Aibu! Mama Ruthu, mwenyekiti wao, kakaa mbele. Madalali wamejaa hadi mlangoni. Nikahutubia kidogo juu ya ubeberu. BEI ikapiga hesabu, ikaita CHORA. Skrini ikajibu kwamba haimjui huyo, ikaganda. Dalali mmoja akauliza kama aliyeitwa kaenda kujisaidia. Walivyocheka! Mama Ruthu kanipa hadi Jumamosi, la sivyo anamchukua Swalihu. Hujuma, dhahiri.

Alhamisi, 8 Agosti
Devota anashikilia kwamba CHORA haikuibiwa, haikuwahi kufika kule. Eti BEI ipige hodi kwanza, iulize kama CHORA ipo. Isipoitikiwa, itoe bei bila grafu na iseme kilichokosekana. Akaniambia, hata kwa jirani, Mzee, hatuagizi chai kabla ya kukaribishwa. Nikamwambia hodi ni ya wageni. Akasema basi Kibaigwa sisi ni wageni. Asubuhi nilimwona akimwamkia Swalihu. Shikamoo ndefu mno.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimekubali hodi. Devota ameiandika. Ujumbe wa kutoitikiwa nimeuandika mwenyewe, alipokwenda kula.

Jumamosi, 10 Agosti
Swalihu alikuwepo, kaketi ubavuni mwa Mama Ruthu! BEI ikapiga hodi. Kimya. Bei zikatoka zote, na chini, kwa herufi kubwa: CHORA HAIPO. IMEIBWA NA SWALIHU. Madalali wakasoma kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Swalihu akauliza aliiba lini, maana ndiyo kwanza anakanyaga ofisi ile. Mama Ruthu akauliza kama safari hii nimekuja na hiyo CHORA. Swali gani hilo! Diski nimeifungia kwenye droo Dodoma, Swalihu asije akaiiba.

Kazi kapewa yeye. Devota karudi mjini kwenye gari la Swalihu.

Nilijua! Kesho nairekebisha programu. Ujumbe mpya: IMEIBWA NA SWALIHU NA DEVOTA.