Bwana Shamba kwa Masharti ya Ng'ombe

Jumatatu, 12 Januari 2026
Nimetangaza vita! Mimi Ambokile, fundi simu na mwenyekiti wa wacheza gemu wa Mbalizi (nilijichagua), Jumamosi nitataja mbele ya kundi letu kasoro ishirini za ile gemu kubwa ya Kijapani ya kufuga mazimwi. Eti nyingine zote ni nakala yake! Yangu ya kwenye simu ni ya bure, na mazimwi wake wanalima na kubeba kuni. Zimwi wangu, Bwana Shamba, ana pembe tatu. Nimemlea miezi minane tangu akiwa saizi ya panzi. Sina ninachojivunia zaidi duniani. Tatizo dogo: hiyo gemu kubwa sijawahi kuicheza.

Jumanne, 13 Januari
Taslim anayo! Ni binti wa Mzee Premji, mwenye duka ambalo kibaraza chake ndiyo ofisi yangu. Kasema ataniazima mashine yake ya gemu hadi Ijumaa nikimpa Bwana Shamba, maana na yeye anacheza gemu yangu. Nikawaza haraka. Kwetu Rungwe unampa rafiki ng'ombe akufugie. Maziwa anakunywa yeye, ndama mnagawana, ng'ombe anabaki wako. Nikabonyeza Kubali. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Nimepewa zimwi konokono, kwa kuwa gemu hairuhusu kutoa bila kubadilishana. Maskini Taslim, hajui kwamba anachunga tu!

Jumatano, 14 Januari
Mungu wangu. Mvua ilinyesha ndani ya gemu, mazimwi wadogo wakakimbilia chini ya majani. Mmoja akabaki, akatazama juu. Na huku nje mvua inapiga bati! Kwangu mazimwi mia tatu wote wanalia kama mbuzi, na mmoja akizimia linatokea tangazo la sabuni. Hapa kila mmoja ana sauti yake. Akizimia, moyo unauma. Mteja kanisubiri kwa saa mbili nzima, sikumwona. Kasoro: sifuri.

Alhamisi, 15 Januari
Nimepata kasoro! Hawalimi. Kisha ndege mkubwa akapita juu ya ziwa, maji yote yakageuka dhahabu. Nikaifuta.

Ijumaa, 16 Januari
Nimerudisha mashine, nikamdai Bwana Shamba. Taslim kashangaa. Kasema tulibadilishana, basi. Nikamweleza habari za ng'ombe. Nikazieleza tena kwa kupiga kelele. Nikalia, ndiyo, fundi mzima. Halafu kaniambia Bwana Shamba ametaga mayai mawili. Ametaga! Miezi minane namwita Bwana.

Mzee Premji, aliyenunua mpunga Igawa miaka arobaini na anazijua desturi za wafugaji, kaweka kikombe chini akaamua. Mtu mzima akikubali mara mbili, amekubali. Ila ndama wanagawanywa, na mmoja ni haki ya Ambokile. Nimepewa yai moja.

Jumamosi, 17 Januari
Nimekiri mbele ya kundi kwamba kasoro sijaziona. Wamecheka, wamemchagua Taslim mwenyekiti. Sawa tu. Nina yai, na yai linataka nitembee na simu hatua elfu kumi ndipo lipasuke. Nimetembea kwa matope kuelekea Iyunga. Kabla sijafika, likapasuka. Vipembe vitatu! Akapiga chafya, akanitazama. Nikasimama mdomo wazi, malori yananirushia maji. Na hii ni ile gemu yangu ya bure! Hata tangazo la sabuni lilipokuja, nililiangalia kwa heshima.

Jumapili, 18 Januari
Nikitoka kanisani nimekutana na Ombeni, dereva wa lori la Lubumbashi, anaziba tairi. Ana gemu ya tatu! Kasema mazimwi wake wanazishinda zote mbili. Kaniruhusu niicheze mpaka tairi liishe kuzibwa, nikimpa mtoto wa Bwana Shamba. Safari hii sikufanya ujinga. Nimemweleza masharti yote kwanza: maziwa, ndama, kila kitu. Kaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza Kubali, mara mbili.

Gemu yake ni ya ajabu, jamani! Lori limeondoka saa saba. Nimesahau tu kumwomba namba ya simu.