Ubao wa Rangi za Mvua

Jumatatu, 12 Mei
Siku kubwa! Programu yangu ya kukadiria mvua imekamilika. Nimeiwasilisha kwenye kikundi chetu cha wakulima wa kahawa hapa Mbozi. Nilisoma asilimia kwa dakika arobaini. Mzee Ambwene, mwenyekiti, alisinzia. Rozi, katibu, akauliza: kwa hiyo kesho tuanike au tusianike? Swali la kitoto. Ila limenipa wazo. Rangi!

Jumanne, 13 Mei
Nimetundika ubao kando ya vichanja vya kuanikia. Kijani: jua, anikeni. Nyekundu: mvua, funikeni. Maelezo sikuandika. Dunia nzima inajua rangi hizi. Rozi alishauri niongeze japo neno moja. Wivu tu!

Jumatano, 14 Mei
Kompyuta ilisema jua. Nikapaka kijani. Jua likawaka kama tanuri! Ajabu, kahawa ilishinda chini ya turubai kutwa nzima. Labda kulikuwa na msiba. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 15 Mei
Asubuhi nikapaka nyekundu tupu, nikaenda Tunduma kujisifu kwa shemeji. Mvua ilinikuta njiani, pale Mpemba, juu ya bodaboda. Nikashangilia. Dereva akaniuliza kama ninaumwa.

Nimerudi. Kahawa yote ilikuwa imeanikwa! Mama Eva, mjane, alikuwa amepiga magoti kando ya kichanja chake kilichoangushwa na mvua, akizoa mavuno yake ya mwaka kutoka kwenye matope. Nikamuuliza kama hakuuona ubao.

“Niliuona vizuri, mwanangu. Kahawa nyekundu si ndiyo imeiva? Ya kijani unaiacha kwanza. Tukajua leo ndiyo siku yenyewe.”

Nikapiga magoti, nikazoa naye mpaka vidole vikafa ganzi.

Ijumaa, 16 Mei
Tumeiosha upya kahawa ya Mama Eva. Zaidi ya nusu imepona. Mzee Ambwene amempa kichanja chake mwenyewe. Rozi ameandika kwa mkaa, herufi kubwa: ANIKENI. Wote wakaanika. Wakampigia Rozi makofi! Kwa neno moja! Mimi nimeombwa, kwa heshima, nisiuguse tena ubao.

Jumamosi, 17 Mei
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona waziwazi: rangi mbili ni chache. Zinatakiwa kumi na mbili! Zambarau itakuwa ukungu wenye mashaka. Rangi ya chungwa, ngurumo za mbali. Hapo hata mtoto ataelewa. Ubao nimekatazwa, sawa. Ukuta wa kanisa hawakuutaja.