Kilengeo cha Shemeji Randall

Jumamosi, 21 Septemba

Mwaka huu simenyi viazi. Nimeapa. Kanisani kwetu, mwindaji asiyepata kulungu kabla ya chakula cha jioni cha Oktoba huketi jikoni na akina mama, akamenya viazi vya pai za nyama. Mimi nimemenya hadi wameninunulia aproni yenye jina langu: Wes. Shemeji yangu Randall, kaka yake Marlene mke wangu, hata jikoni hapajui.

Kosa si langu. Ni la kilengeo, kile kidude kinachofungwa kwenye upinde ili jicho lijue mshale utapiga wapi. Changu kimelegea kama jino la mzee.

Leo nimekwenda dukani kwa Mama Oberg. Akanipangia vilengeo mezani. Kimoja cha pini tatu za rangi, cha bei ya chini. Kingine cha pini moja inayopanda na kushuka. Na kimoja cha umeme! Kinapima umbali chenyewe, kisha kinakuwashia nukta nyekundu pa kulengea. Mama Oberg akasema msitu wetu ni mnene, hakuna anayepiga mbali, hivyo nichukue cha pini tatu, chuma chake ni imara, na pesa itakayobaki ninunue mishale ya mazoezi. Mazoezi! Nikamwambia nitafikiri.

Nikiwa bado nafikiri, Randall akaingia, akachukua kile cha umeme bila hata kuuliza bei. Akanipiga begani.

"Shemeji, kilengeo ni kama mke. Ukitafuta wa bei poa, utajuta."

Nikamkumbusha kwamba mke wangu ni dada yake. Mama Oberg akageukia rafu, akaanza kupanga kofia zilizokwisha kupangwa.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepata mpango. Baada ya ibada, tukinywa kahawa, nikamwambia Randall kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba kuna watu kule jimbo la Wisconsin wamerudisha vilengeo vya aina yake. Kulungu huiona ile nukta nyekundu. Wanaiona, wanatimka.

Randall akacheka hadi kahawa ikamtoka puani. Akaenda kuwasimulia wengine. Wote wakacheka. Mchungaji naye akacheka, ingawa yeye alijitahidi kujizuia.

Haidhuru. Mpango mzuri hauivi siku moja.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekosea mtu wa kumwambia. Uongo humwambii mlengwa. Unamwambia Norbert.

Norbert ni mleta barua. Nilimvizia kwenye sanduku la posta, nikamweleza habari ya nukta nyekundu, nikamwomba sana asimwambie mtu. Akaapa. Akaondoa gari kwa kasi ambayo barua hazijawahi kuiona.

Alhamisi, 26 Septemba

Ushindi! Jioni Randall amekuja mwenyewe, uso umemshuka. Akaniuliza kama nimesikia mambo ya vilengeo vya umeme. Nikasema hapana, mambo gani? Akanisimulia hadithi yangu mwenyewe, ila sasa ina majina ya watu na wilaya wanazotoka. Amesahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyemwambia kwanza.

Nikamhurumia. Nikajitolea kukichukua kwa nusu bei, kwa sababu ya undugu. Akakubali, lakini akataka na ile keekee yangu ya kutobolea barafu ziwani nikivua samaki. Hiyo Marlene alinipa kwenye sherehe ya ndoa yetu. Nikatoa. Vita havina huruma.

Randall akaenda moja kwa moja kwa Mama Oberg kununua cha pini tatu. Maskini!

Marlene ameuliza keekee iko wapi. Nimesema nimemwazima kaka yake. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekifunga kilengeo. Kinapendeza mno. Mshale wa kwanza ukapita juu ya gunia la shabaha, juu ya ua, ukajikita kwenye mlango wa sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Marlene alikuwa ndani.

Akatoka na taulo, akauchomoa mshale, akanirudishia. Baadaye akaniambia nimekifunga juu chini. Alijuaje? Amesoma maelekezo. Nani husoma maelekezo?

Jumatatu, 30 Septemba

Kesho msimu unafunguliwa. Norbert ameleta barua na habari. Anasema huko Wisconsin dume mmoja aliiona nukta nyekundu, akasimama chini ya ulingo wa mwindaji, akamkoromea.

Najua hadithi hii niliitunga mimi. Lakini la kukoroma sikulitia mimi. Limetoka wapi? Mtu hawezi kutunga jambo kama hilo hivi hivi.

Nimeifunika ile nukta kwa utepe mweusi. Tahadhari tu.

Jumanne, 1 Oktoba

NIMEPATA!

Nilikuwa ulingoni kabla hapajapambazuka. Baridi. Nikala pai ya jana. Mara vijiti vikavunjika, dume akatokea kwenye mierezi, pembe zake zimesimama kama ufagio. Nikavuta upinde, nikatazama kwenye kilengeo. Giza tupu! Utepe ulikuwa umeziba kila kitu. Siwezi kuubandua, mikono yote miwili ina kazi. Basi nikaukodolea macho mshale wenyewe, kama alivyofanya babu, nikaachia.

Akakimbia kidogo tu, akalala kando ya kijito. Nikamfikia. Nikavua kofia.

Kisha nikampigia simu Randall.

Jumamosi, 5 Oktoba

Randall amemenya viazi! Wiki nzima hakupata kitu; anasema pini tatu zinamchanganya. Amevaa aproni yangu, jina langu kifuani. Nimepita jikoni mara nyingi kuliko njaa yangu ilivyotaka.

Nikiwa mezani, watu wakaniuliza siri. Nikasimama, upinde mkononi, nikawaeleza namna ya kuchagua kilengeo kizuri kwa bei ya haki. Hoja yangu kuu: teknolojia. Mama Oberg akauliza ule utepe mweusi ni wa nini. Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Jumapili, 6 Oktoba

Randall anakitaka kilengeo chake. Ananipa bei kamili, na keekee juu. Marlene anasema nikubali kabla kaka yake hajapata akili. Nimekataa. Mshindi hauzi silaha yake.

Hata hivyo, Randall hakukaa bure. Amekwisha kuagiza kipya zaidi, kinachopima hata upepo. Sijalala kwa kukifikiria.

Kesho nitamvizia Norbert kwenye sanduku la posta. Nitamwambia, siri kabisa, kwamba hicho kipya kikipata baridi kinatoa harufu ya mbwa.

Nimeandika tu hapa, na tayari nimeanza kuogopa kwamba ni kweli.