Upanga wa Mzee Walter na Mbuzi wa Bibi

Wana wa kambi ya wakimbizi mliotupwa huku Marekani, Louisville na Buffalo, kaeni chini kwanza. Mwenzenu nimeaibika hapa Columbus. Kanisani. Mbele ya maiti.

Nilishawasimulia kuhusu Mzee Walter, yule jirani yetu Mzungu hapa mtaani Linden mwenye panga za kale za jeshi la Waingereza. Amefariki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kuzipaka mafuta Jumamosi. (Malipo yalikuwa biskuti na historia. Biskuti zilikuwa ngumu kuliko historia.)

Upanga alioupenda zaidi ulikuwa mfupi, mpini wa shaba, mgongo una meno ya msumeno. Wa karne ya kumi na tisa. Panga za aina hiyo walipewa askari waliotangulia mbele ya jeshi kufyeka vichaka na kukata miti, wenzao wapate njia. "Huu ni wa kazi, si wa kuua," alizoea kuniambia. "Na usiusugue kamwe. Huo weusi ndio umri wake."

Alitaka ulazwe juu ya jeneza lake. Jana binti yake, Susan, akanikabidhi. "Uje nao wewe. Baba alikuamini."

Nikauweka juu ya friji. (Akili zangu mnazijua.)

Asubuhi nikaamshwa na ko, ko, ko. Bibi yangu, aliyepikia misiba yote ya kambini, yuko jikoni na mbuzi kutoka bucha la Wasomali. Kwetu msibani hakuendwi mikono mitupu. Na mkononi ana upanga wa Mzee Walter, unang'aa kama sufuria ya harusi.

"Bibi, huo umeutoa wapi?"

"Juu ya friji. Ulikuwa mchafu, nimeusugua kwa mchanga, nikaunoa pale ngazini. Hivi vimeno vinakula mfupa, we acha tu. Nani kakupa?"

"Marehemu."

"Mungu amrehemu. Alijua visu."

Nikauosha haraka, nikauviringisha kwenye taulo, tukaondoka.

Kanisani mchungaji akaniita nieleze habari za upanga. Maneno nilikuwa nimeyakariri, yakatoka yenyewe: "Upanga huu haujakata kitu kwa zaidi ya miaka mia moja."

Nikafunua taulo. Ukamulika mpaka darini. Harufu ya mbuzi na vitunguu ikasafiri hadi benchi la nyuma. Halafu, katikati ya meno ya msumeno, kipande cha mafuta kikalegea taratibu, kikadondoka juu ya jeneza.

Mtu mmoja akakohoa.

Bibi akapaza sauti kwa Kiswahili: "Waambie bado unakata vizuri."

"Anasemaje?" Susan akaniuliza.

Nikatafsiri. (Ningedanganya, ila ulimi ulikuwa umekufa kabla yangu.)

Susan akauchukua, akapitisha kidole pale palipokuwa na weusi. "Miaka yote hiyo hakuwahi kuukatia hata mkate," akasema. Akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu asubuhi, na mpaka sasa sijui alikuwa akimlilia baba yake au upanga. Akaulaza juu ya jeneza hivyo hivyo, bila kunitazama.

Baadaye, kwenye chakula cha msiba, nilimwona akijiongezea nyama ya mbuzi wa Bibi. Bado hakunitazama.

Anayetaka kucheka acheke, ila akumbuke kwamba hata msiba wa kwao, mpishi ni Bibi.