Sanduku la Mbali la Guelord

Radi ilipounguza kompyuta mbili kwenye avenue moja, watu wa Kisangani walisikitika. Guelord alipiga shati pasi. Alikuwa na huruma ya pekee kwa watu wenye mafaili mengi na nakala moja, na huruma hiyo ilikwisha kumnunulia viatu vya ngozi.

Kazi yake ilikuwa safi. Anachukua nakala ya mafaili yako, anaifunga kwa neno la siri, anaipeleka mbali, moto usiipate. "Mbali" ni ndani ya laptopu yake mwenyewe. Kisha, ajabu, mashine yako inakufa wiki ileile, na neno la siri linapanda bei kila asubuhi. Papa Bavon wa duka la dawa alilia mbele yake kama mjane. Guelord alimpa pole ya kweli, hakumpa neno.

Leo alikuwa kwa Mama Marceline, mpiga picha. Ndani ya kompyuta ya mama huyo zilikaa picha za arusi zote za mtaa. Maarusi wengine walikwisha kufa. Zikipotea, nani atawapiga picha tena?

— Mama, kuna logiciel tatu, programu za kufunga mafaili. Ya bure, mwizi anaifungua na kijiko. Ya katikati inafunga muzuri, lakini inasahau kutuma. Na hii yangu! Bila mot de passe, ile neno ya siri, hata mimi mwenyewe siwezi kuona kidole ya bibi-arusi.

— Hata wewe?

— Haki ya Mungu!

— Usiape, mutoto yangu, ingali mapema. Bon, fungia kwanza mafaili yako. Yote.

— Yangu, mama?

— Kwetu Yanonge, mwenye kuuza masanga ya mbila, pombe ya mchikichi, anakunywa kikombe ya kwanza mbele ya watu. Ao yako iko na sumu?

Guelord akacheka. Riziki yake yote ilikuwa mule ndani ya laptopu, nakala za watu na maneno yao ya siri. Lakini muuzaji anayekataa kuonja, nani atamnunulia? Akakubali.

— Neno nitaandika mimi, akasema Marceline. Donc nijifunze.

Guelord, mtu wa adabu, akageuza uso ukutani, ili mama aone usalama ni nini. Marceline akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, neno refu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu.

— Tayari. Sasa fungua, papa.

— Neno ni gani, mama?

— Ni la siri.

Guelord akajaribu kucheka tena. Meno yakatoka, sauti ikakataa. Nyuma ya pazia lenye maporomoko ya kuchorwa, pale maarusi wanaposimama, akatokea Papa Bavon, akasimama mlangoni.

— Mama Marceline, hii ni wizi! akalalamika Guelord.

— Ee, umeijua haraka! Alors, nitafungua mimi. Utarudishia Papa Bavon mafaili yake, kisha kila mutu yake. Ukimaliza, ninaifunga laptopu yako tena.

Guelord akajipangusa jasho.

— Na mimi nitaenda saa ngapi?

— Usiharakishe, papa. Wengine uliowafungia mafaili wako inje. Wamekuja na viti yao.